Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu wa Haut-Katanga: tuwape wanafunzi haki ya kukihoji kitabu cha historia

Kwa Mheshimiwa Waziri wa elimu wa mkoa, kwa wakurugenzi wa elimu, kwa mainspekta wa somo la historia, na kwa maprefe, yaani wakuu, wa shule za sekondari za Lubumbashi.

Waheshimiwa,

Tarehe 13 Februari 1961, hapahapa mjini, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga, aliwaambia waandishi wa habari kwamba Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walitoroka kizuizini, wakakamatwa na wanakijiji, wakauawa. Kijiji hakukitaja. Maiti hazikuonyeshwa, wala mahali pa kaburi hapakusemwa. Kumbe watu hao watatu walikwisha kupigwa risasi usiku wa tarehe 17 Januari, karibu wiki nne kabla ya tangazo, kule porini Shilatembo, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Novemba ya mwaka uleule tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa iliikataa habari ya kutoroka. Bunge la Ubelgiji lilingoja hadi 2001 ndipo tume yake ikaandika kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji wa wakati ule wanabeba dhamana ya kimaadili katika kifo hicho.

Tunaanza na jambo hili kwa sababu kitabu kinacholisimulia hakiwezi kukaa katikati. Kilichoandikwa Élisabethville (Lubumbashi ya leo) wakati wa kujitenga kina mahali kinaposimama. Kilichopigwa chapa Brussels kabla ya uchunguzi kina mahali pengine. Kilichotolewa Kinshasa baada ya Juni 1966 kina pake pia, maana ndipo Mobutu alipomtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa, wakati askari waliomkamata Lumumba Desemba 1960 walikuwa chini ya amri ya Mobutu mwenyewe. Mwanafunzi wetu hupewa kimoja tu kati ya hivyo, kile kilichobahatika kufika shuleni, naye hukikariri hadi siku ya Exétat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Akibadilishiwa kitabu, atakariri kingine kwa imani ileile.

Sisi walimu wa historia hatuombi kitabu kipya kisicho na upande. Kitabu cha namna hiyo hakijaandikwa. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mwandishi wa historia, awe mmisionari, afisa wa koloni, profesa wa chuo kikuu au mwana wa chama, naye huvutia kwake. Tunaomba mwanafunzi afundishwe kuona ngozi imevutwa upande gani, na kwa nguvu kiasi gani. Kazi hii ina hatua zake, hufundishika, na hupimika kwa mtihani. Tuzieleze, ndipo mtajua tunachokiomba.

Kazi huanza kwenye kurasa ambazo wanafunzi huziruka: jalada, nyuma ya ukurasa wa jina, dibaji, shukrani. Dakika kumi hapo zinatosha. Mwanafunzi atafute mwaka kitabu kilipotoka mara ya kwanza (mwaka wa chapa aliyoishika mkononi unaweza kuwa mwingine kabisa), mji kilikochapwa, aliyelipia, na kazi aliyokuwa akiifanya mwandishi wakati anaandika. Mwaka ukiwa umeng'olewa, majina ya mahali yatamsaidia. Mji ukiitwa Élisabethville kama jina la siku zote, maandishi ni ya kabla ya 1966. Nchi ikiitwa Zaïre, ni kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Mkoa ukiitwa Shaba, ni enzi ya Mobutu. Na vita vya 1977 vya mkoa huu vikiitwa vya siku 80, tunasikia namna utawala wa wakati ule ulivyovisimulia.

Chukueni kifo cha Msiri, mfalme wa Wayeke, ambacho kila mtoto wa Katanga amekisikia. Tarehe 20 Desemba 1891, karibu na Bunkeya, kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs alimpiga Msiri risasi akamwua, na Bodson naye akapigwa risasi palepale na watu wa Msiri, akafa kwa jeraha hilo. Msafara ule ulitumwa na Compagnie du Katanga kwa faida ya mfalme Leopold II, ukikimbizana na kampuni ya Cecil Rhodes, ambayo mwaka 1890 mjumbe wake Alfred Sharpe alifika kwa Msiri akaondoka bila mkataba. Mmoja wa walioandika habari hiyo ni Joseph Moloney, daktari wa msafara, ambaye kitabu chake kilitoka London mwaka 1893. Mtu aliyekuwamo katika msafara hana budi kuwaeleza wasomaji wake kwa nini mfalme aliuawa katika nchi yake mwenyewe. Kwa hiyo tutegemee kumkuta Msiri katili, Msiri mkaidi, Msiri aliyechomoa upanga kwanza. Ndivyo ilivyoandikwa.

Wayeke wana masimulizi yao, na baadaye watu wa ukoo wa Msiri wenyewe waliyaandika na kuyachapa hapa Lubumbashi. Humo Msiri ni mwanzilishi wa dola aliyekataa bendera ya mgeni, na kichwa chake kilikatwa kikachukuliwa. Huo nao ni upande. Ukoo unaotawala Bunkeya unahitaji babu mkubwa, na pia unalo jambo gumu la kulieleza, kwamba Mukanda Bantu, mwana wa Msiri na mrithi wake, alishirikiana na Dola Huru ya Kongo. Kisha wapo Wasanga, waliokuwa wamekwisha kumwasi Msiri mwaka huohuo wa 1891. Kwao yeye ni mgeni aliyetoka upande wa Unyamwezi akaitwaa nchi yao. Mwanafunzi aliyesoma Moloney peke yake hana habari kama Wasanga wapo. Aliyesikia Wayeke peke yao, vilevile.

Mbele ya masimulizi hayo matatu mwanafunzi achore mistari miwili kwenye daftari, apate safu tatu. Ya kwanza ni ya mambo ambayo pande zote zinayakubali, hata ule ambao yanauumiza: mahali, tarehe, aliyepiga risasi, na kwamba Bodson alikufa. Ya pili ni ya mambo yanayosemwa na upande mmoja tu, kama vile nani alianza, na kama ilikuwa kumkamata mtu au kumvizia. Ya tatu ni ya hukumu: katili, shujaa, mvamizi. Kosa tunaloliona darasani kila mara ni mwanafunzi kuichukua hukumu ya safu ya tatu na kuiandika kama tukio la safu ya kwanza. Akijizoeza kuzitenga, amepata robo tatu ya somo.

Pengine upande wa mwandishi haupo katika anachokisema, upo katika mahali anapoanzia. Vita vya Dola ya Leopold dhidi ya Waarabu na Waswahili wa Maniema, 1892 hadi 1894, vinasimuliwa katika vitabu vingi vya zamani kuwa vita vya kuondoa utumwa. Ukianza kusoma mwaka 1892, ndivyo vinavyoonekana. Lakini ukirudi nyuma miaka mitano, mwaka 1887, unakuta Dola hiyohiyo ikimpa Tippu Tip cheo cha gavana wa Stanley Falls (Kisangani ya leo). Ghafla pembe za ndovu zinaonekana, na njia za biashara, na swali la nani atazipitisha kwenda Atlantiki au Zanzibar. Biashara ya watumwa ilikuwapo kweli na iliangamiza vijiji, hilo halifutiki. Kinachobadilika ni sababu ya vita. Tippu Tip mwenyewe aliacha maisha yake kwa Kiswahili, yakachapwa mwanzoni mwa karne ya 20, naye hujisimulia kama mfanyabiashara hodari, si kama mtesaji wa mtu. Kwa hiyo mazoezi yanayofaa ni kumwuliza mwanafunzi: sogeza mwanzo wa hadithi hii nyuma miaka mitano, nani anabadilika sura?

Kisha mtazame nani amepewa jina. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, waliogoma walipigwa risasi na askari kwenye uwanja wa mpira wa mji huu. Mwanafunzi akipewa ukurasa unaohusu mgomo huo, ahesabu majina ya watu. Akikuta gavana Maron ana jina na cheo, na waliokufa ni "umati" tu, amekwisha kujua mwandishi alikaa na nani. Aulize Léonard Mpoyi yuko wapi, mwakilishi wa wafanyakazi aliyeuawa siku ile. Aangalie pia kama kuna mtu anayepiga risasi, au kama risasi "zilipigwa" tu zenyewe. Na kitabu kizima cha historia ya mji kisichoutaja mwaka 1941 hata katika faharasa nacho kimesema jambo.

Hesabu za wafu zinahitaji ukali zaidi, kwa sababu tarakimu huonekana kama haina upande. Maswali ni matatu: nani alihesabu, lini, kwa njia gani? Inasemwa mara nyingi kwamba utawala wa Leopold ulipunguza watu wa Kongo kwa milioni 10. Hakuna aliyewahesabu watu wa Kongo mwaka 1885. Tarakimu hiyo imetokana na makadirio ya wakati wa ukoloni kwamba wakazi walipungua nusu, yakiunganishwa na hesabu ya miaka ya 1920 iliyokadiria watu wapatao milioni 10. Wataalamu wa idadi ya watu wanabishana juu yake hadi leo. Mwanafunzi akijua hivyo hapunguzi uzito wa mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa, ambavyo ripoti ya konsuli wa Uingereza Roger Casement ya 1904 na tume iliyotumwa na Leopold mwenyewe viliviandika. Anakuwa na maneno ambayo hakuna atakayeyatikisa. Aliyebeba tarakimu asiyoweza kuitetea hunyamazishwa na mtetezi wa kwanza wa Leopold anayekutana naye.

Karibu nasi zaidi kuna usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi waliposhambuliwa kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Serikali ya Mobutu ilikubali kifo cha mwanafunzi mmoja. Nje ya nchi zilitajwa hesabu za makumi, hata mamia. Serikali ilikuwa na sababu ya kupunguza, na wapinzani wake walikuwa na sababu ya kuongeza, na uchunguzi huru haukupewa nafasi palepale. Hapo jibu la haki ni kuandika pande zote mbili na kusema kila moja imetoka wapi. Mtihani wetu unaomtaka mtoto azibe kiduara kimoja kati ya vitano hauna nafasi ya jibu hilo.

Wengine husema: basi tuache vitabu, turudi kwa wazee. Tunawaheshimu wazee na tunawapeleka wanafunzi kwao, lakini masimulizi ya mdomo nayo yana siasa yake. Habari ya asili ya dola ya Baluba, ya Nkongolo mkatili na Kalala Ilunga mstaarabu, imehifadhiwa na watu wa dola iliyotokana na Kalala Ilunga, yaani washindi. Lukasa, ule ubao wa shanga ambao wataalamu wa Mbudye, chama cha watunza kumbukumbu wa Baluba, huusoma kwa kidole, kila msomaji huueleza kulingana na mahali alipo na mtu anayemsomea. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya mapokeo ya makabila ya Katanga tunayoyasoma leo iliandikwa na maofisa wa koloni waliofanya uchunguzi kufuata dekreti za 1910 na 1933 juu ya usultani, yaani utawala wa machifu. Uchunguzi ule ulikuwa na tuzo: nani atambuliwe kuwa chifu, nani avishwe medali, mpaka wa nani upite wapi. Mzee aliyehojiwa alijua hivyo, na mkalimani alijua. Karatasi hizo zinasomwa kama ushahidi wa kesi, na hadi leo kuna wanaozishika mkononi wanapogombea kiti.

Tunayo hazina ambayo shule zetu haziitumii. Mwaka 1965 André Yav aliiandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili cha hapa, kwa niaba ya chama cha watu waliofanya kazi za nyumbani kwa wazungu, na Johannes Fabian akaichapa tena mwaka 1990. Ni historia iliyotazamwa kutoka jikoni kwa bwana. Tarehe zake nyingine hazipatani na hati, na shabaha yake ni kuwapa heshima watu ambao hakuna aliyewapa, kwa hiyo nayo isomwe kwa jicho lilelile. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia yote ya nchi hapa mjini mwaka 1973 na 1974. Katika picha yake moja kifo cha Lumumba kimewekewa misalaba mitatu. Picha ile ni hoja, na kijana wa darasa la tano sekondari anaweza kuieleza kwa dakika tano kama ameulizwa vizuri. Kazi za Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake juu ya kumbukumbu za wakazi wa Lubumbashi zinatoka Chuo Kikuu chetu wenyewe. Kwa nini hazifiki shule za Katuba na Ruashi?

Tusifiche kwamba kazi hii inaweza kuharibika, na tunajua inavyoharibika. Mara ya kwanza wanafunzi wakigundua kwamba kila mwandishi ana upande, husema: basi wote ni waongo. Huo ni uvivu mpya badala ya ule wa kukariri. Dawa yake ni ile safu ya kwanza: kila somo limalizike kwa mwanafunzi kuandika mambo mawili ambayo hata adui wa mwandishi anayakubali. Kitabu chenye upande kinaweza kuwa na habari sahihi nyingi, na mtu asiyependa serikali anaweza kuwa ndiye peke yake aliyezihifadhi hati.

Upotovu wa pili ni mbaya zaidi, na katika mkoa huu ni wa hatari: kumkataa mwandishi kwa kabila lake. Tumeyaona ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, wengine wakafa stesheni na ndani ya treni. Waliowafukuza walikuwa na historia yao, iliyoanza mahali palipowafaa. Haikuanza na maajenti wa Union Minière walioajiri wafanyakazi Kasai miaka ya 1920 na kuwaleta kwenye makambi ya migodi. Kwa sababu hiyo tunaomba kanuni moja isiyo na msamaha darasani: lawama juu ya mwandishi ioneshe mstari. "Ukurasa huu, mstari huu, ameruka jambo hili." Mwanafunzi akitaja kabila, dini au chama cha mwandishi bila mstari, hapati alama. Kanuni hiyohiyo imfunge mwalimu, maana mwalimu naye ana chama, na wapo wanaochambua vitabu vya upande wa pili tu.

Sasa maombi yetu. Tunaomba kipindi kimoja cha dakika 50 kila wiki mbili, kuanzia darasa la tatu sekondari, kitoke ndani ya saa za historia zilizopo. Vifaa ni karatasi moja yenye vipande viwili vya maandishi juu ya tukio moja, visivyozidi mistari 15 kila kimoja, na mwandishi, mwaka na mji vikiwa vimeandikwa chini. Karatasi moja itumiwe na wanafunzi watano, kwa hiyo darasa la 60 linahitaji nakala 12, na mwaka ujao zitatumika tena. Wapewe dakika 10 za kusoma, 20 za kujaza safu tatu kwa vikundi, 15 za kubishana, na 5 za kuandika. Mabishano yafanyike kwa Kiswahili, jibu liandikwe kwa Kifaransa. Vitabu vyetu ni vya Kifaransa, na mwanafunzi anayetafuta neno hana nguvu ya kutafuta hoja. Vipande viwili visiwe vya mwandishi wa koloni na mpinzani wake kila mara. Wakati mwingine viwe vya Wakongo wawili wasiopatana, la sivyo watoto watadhani ni wazungu tu wenye siasa.

Exétat ni ya taifa, na tunajua haiko mikononi mwenu peke yenu. Lakini mitihani ya shule na ya muhula iko mikononi mwenu. Wekeni humo swali moja la alama 10 juu ya vipande viwili ambavyo wanafunzi hawajawahi kuviona: alama 2 kwa kumtambua mwandishi na wakati wake, 3 kwa kuonyesha upande wake kwa mistari, 3 kwa kulinganisha, 2 kwa kusema kinachobaki kweli. Msahihishaji asitoe alama kwa maoni ya mwanafunzi kuhusu Tshombe, rais wa Katanga iliyojitenga, au Lumumba, yawe yanampendeza au la. Tunaomba pia mlipeleke Kinshasa pendekezo la swali la namna hiyo, hata kama ni moja tu katika karatasi ya utamaduni wa jumla.

Kwa mainspekta tuna neno la wazi. Mwalimu akikaguliwa huulizwa amefika sura ya ngapi. Hakuna anayeulizwa kama wanafunzi wake wanajua nani aliiandika sura hiyo. Fomu ya ukaguzi iongezewe mstari mmoja: je, katika wiki mbili zilizopita darasa limelinganisha maandishi mawili? Na mwalimu aliyewapa wanafunzi maandishi yanayopinga msimamo wa serikali ya leo au ya jana asiandikiwe ripoti kwa hilo peke yake. Bila ulinzi huo wa maandishi, hakuna mwalimu mwenye familia atakayethubutu, na barua hii yote itakuwa bure.

Mwisho, mtuombee Jumba la Makumbusho la Taifa la Lubumbashi na maktaba ya Chuo Kikuu wawafungulie walimu wa sekondari mlango siku moja kwa mwezi, wapige picha kurasa kwa simu bila kulipa. Karatasi za kwanza tano tunaweza kuziandaa sisi wenyewe: Msiri 1891, mgomo wa 1941, hotuba za siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, tangazo la 13 Februari 1961, na kampasi 1990. Tunachohitaji kwenu ni barua ya ruhusa yenye mhuri, itufikie kabla ya mikutano ya walimu ya Septemba, wakati ratiba za saa zinapopangwa.

Kwa heshima,

Walimu wa historia wa shule za sekondari, Lubumbashi